Usiiuze kamera ya babu kwa mizani

Kabla hujaikabidhi ile kamera ya babu kwa vijana wanaopita mtaani wakinunua vyuma vikuukuu kwa mizani, ishike kwanza mkononi. Usiifungue. Juu, upande wa kushoto, utaona kishikio kidogo cha kuzungusha ambacho hutumika kuurudisha mkanda ndani ya kopo lake. Kizungushe polepole kufuata mshale. Kikizunguka kwa wepesi, hamna kitu ndani. Kikikaza, ngoja. Kuna filamu humo, na huenda aliyeiweka hayuko tena duniani.

Filamu iliyopigwa lakini haijaoshwa hubeba picha isiyoonekana. Picha hiyo hufifia kadiri miaka inavyopita, na joto huiharakisha, lakini filamu ya nyeusi-na-nyeupe huvumilia zaidi kuliko ya rangi. Ukiufungua mgongo wa kamera kwa pupa mchana, utaichoma yote kwa mwanga. Labda ilikuwa harusi ya shangazi, au nyumba ya kwanza waliyopanga wazazi wako walipokuja mjini. Hutajua kamwe. Kwa hivyo urudishe mkanda huo ndani ya kopo lake, kamera ikiwa imefungwa, kisha ulihifadhi kopo mahali pa baridi na pakavu. Usianze na huo. Huo tutaurudia ukishafuzu.

Sasa nani ataiosha? Zamani ungeipeleka duka la picha mjini asubuhi na kuichukua jioni. Maduka mengi ya aina hiyo yamefungwa au yamegeukia kuchapisha picha za simu. Hata lile lililobaki na mashine ya kuoshea filamu, mara nyingi mashine hiyo ni ya rangi. Ukiitia filamu ya kawaida ya nyeusi-na-nyeupe, itatoka wazi kama kioo cha dirisha, kwa sababu dawa za rangi huondoa fedha yote, na katika filamu hii fedha ndiyo picha yenyewe. (Ipo moja iliyotengenezwa makusudi ipite katika dawa za rangi, Ilford XP2, lakini hiyo ni ya peke yake.) Hivyo basi tuioshe nyumbani. Si kazi ngumu, na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeielewa kemia yake ataifanya vizuri kuliko mwalimu asiye na subira.

Tuanze na kamera. Katika nyumba za Nairobi, Nakuru na Mombasa zinazoibuka mara kwa mara ni chache. Zenit-E ya Urusi ilianza kutengenezwa mwaka wa 1965 kule Krasnogorsk, karibu na Moscow. Ni nzito kama jiwe la kusagia, lakini haihitaji betri yoyote. Pentax K1000 ya Japani ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na wanafunzi wengi wa upigaji picha walijifunzia kwayo. Betri yake ndogo ni ya kupimia mwanga tu. Hata ikiisha, kamera inapiga. Jihadhari na zile ambazo haziwezi kufanya kazi sawasawa bila betri. Yashica Electro 35, kwa mfano, ilitumia betri ya zebaki ambayo siku hizi haitengenezwi, na itabidi utafute namna ya kuweka nyingine badala yake. Kama unanunua, na hujui lolote, chukua inayofanya kazi kwa chuma na springi.

Ikague hivi. Mkanda ukiwa haumo, fungua mgongo, elekeza lenzi dirishani, weka kasi ya polepole, kisha bonyeza. Unapaswa kuuona mwanga ukichungulia na kufungika. Angalia ndani ya lenzi kwa tochi: ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, huo ni ukungu. Kamera zilizokaa pwani huwa na ukungu sana kutokana na unyevu, na ukungu uliokwisha kula kioo hautoki. Pitisha kidole kwenye sponji nyeusi zinazozunguka mlango wa nyuma. Zikikuachia masizi yanayonata, zimeoza na zitavujisha mwanga. Unaweza kuzibadilisha kwa uzi mweusi wa sufu au sponji mpya. Wala usipanguse lenzi kwa mate na ncha ya shati kama ninavyoona watu wakifanya. Puliza vumbi kwanza.

Filamu zenyewe bado zinatengenezwa. Kiwanda cha Ilford kiko Mobberley, Uingereza. Foma, kampuni ya Czech iliyoanzishwa 1921, iko Hradec Králové, na ya kwao mara nyingi ndiyo ya bei nafuu. Kodak, ambao Januari 2012 waliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya kufilisika, wangali wanatengeneza Tri-X. Hata hivyo si rahisi. Mkanda wa pozi 36 si kitu cha kumimina ovyo kama unavyomimina picha za simu, na pengine hiyo ndiyo faida yake ya kwanza kwa kijana. Kwa kuanzia chukua filamu ya kasi ya 100.

Je, kipimo cha mwanga cha kamera kikiwa kimekufa? Iko kanuni ya zamani isiyohitaji kifaa. Jua likiwaka bila mawingu, weka pete ya lenzi kwenye namba 16, na kasi ya shata iliyo karibu na namba ya filamu: kwa filamu ya 100, ni sehemu moja kwa 125 ya sekunde. Mawingu mepesi, shuka hadi 11 au 8. Kivulini, 5.6 au 4. Kumbuka kwamba namba kubwa ni tundu dogo, jambo linalowakanganya wote mwanzoni.

Lakini hapa kwetu jua la saa sita liko utosini. Macho ya mtu huwa mashimo meusi na pua hutupa kivuli mdomoni. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, au mweke mtu wako barazani, kivulini, akitazama nje kwenye mwanga.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi vya ughaibuni havilitaji. Kipimo cha mwanga hakijui kinatazama nini. Hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Msimamishe nyanya yako mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, nacho kitausoma ukuta, kitapunguza mwanga, na nyanya atatoka mweusi tititi bila macho wala mikunjo ya tabasamu. Watu wengi wametolewa hivyo katika picha za familia, na wakalaumiwa eti hawapendezi pichani! Dawa yake ni kiganja chako. Kiweke kwenye mwanga ule ule uliompiga yeye, ukipime, kisha ongeza mwanga hatua moja. Yaani kikikwambia 8, weka 5.6. Viganja vya watu wa rangi zote havitofautiani sana, kwa hivyo kipimo hiki hufaa kwa uso wowote.

Sasa tuingie jikoni, au tuseme bafuni. Ndani ya filamu mna utando wa jelatini wenye chembe za chumvi ya fedha. Chembe zilizoguswa na mwanga ziko tayari kugeuka kuwa fedha halisi, ambayo katika chembe ndogo huonekana nyeusi. Dawa ya kwanza huzigeuza hizo na kuziacha zile ambazo hazikuguswa. Dawa ya pili, inayoitwa haipo (ndilo jina lake, si kwamba imeisha dukani), huyeyusha zilizobaki ili filamu isiendelee kuwa nyeusi ukiitoa kwenye mwanga. Mwingereza John Herschel ndiye aliyegundua mwaka wa 1819 kwamba haipo huyeyusha chumvi za fedha, miaka 20 kabla upigaji picha haujatangazwa kwa ulimwengu.

Vifaa ni tangi la plastiki lenye kifuniko kisichopitisha mwanga, pamoja na kigurudumu chake cha kuviringia filamu, kipimajoto, mizani ndogo ya gramu, mkasi, chupa, saa, na vibanio viwili vya nguo. Tangi ndilo la kununua. Vingine vingi unavyo.

Kuiviringa filamu kwenye kigurudumu lazima kufanywe katika giza totoro. Ile taa nyekundu ya sinema ni ya karatasi za kuchapia. Filamu za siku hizi huiona vizuri na zitaharibika. Stoo isiyo na dirisha, usiku, blanketi likiwa limezibwa chini ya mlango, yatosha. Kaa humo dakika tano. Ukianza kuuona mkono wako, giza halijatosha. Hapa ndipo wengi hutokwa jasho: filamu inakwama, inajikunja, nawe huoni. Tafuta mkanda ulioharibika, ujizoeze mchana macho yakiwa wazi, kisha macho yakiwa yamefumbwa, mara kumi. Watangazie pia walio nyumbani. Hakuna kufuli inayomzuia mtoto anayetaka kujua mama anafanya nini stoo.

Dawa ya kwanza ya kawaida inaitwa D-76 ya Kodak, au ID-11 ya Ilford, ambazo karibu ni kitu kimoja. D-76 imetumika tangu miaka ya 1920. Huja kama unga, unachanganya na maji. Kibandiko cha filamu hukwambia muda. Kwa mfano Ilford HP5 Plus katika ID-11 isiyozimuliwa, maji yakiwa digrii 20, huchukua dakika saba na nusu.

Lakini hebu tuseme unga huo hujaupata. Mwaka wa 1995 mhadhiri wa kemia Scott Williams na wanafunzi wake katika chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba filamu inaweza kuoshwa kwa kahawa. Naam, kahawa ya kunywa. Ndani yake mna asidi zinazofanya kazi ile ile ya dawa ya dukani, mradi maji yawe na alkali. Baadaye wapenzi wa mchezo huu waliongeza vitamini C ili kazi iwe ya haraka na safi. Na alkali inayotakiwa ni nini? Ni sodiamu kaboneti, ile inayochimbwa katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, tangu kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Hata hivyo usikimbilie magadi ya kulainishia maharagwe. Hayo ni mawe ghafi, yana uchafu, na alkali yake ni hafifu. Kiwandani huchomwa ili maji na hewa ya kaboni viondoke. Kilo moja ya magadi matupu hubakia kama gramu 700. Nunua yaliyokwisha kusafishwa, yale ya unga mweupe wanayonunua watu wanaotengeneza sabuni ya maji.

Kwa mkanda mmoja katika tangi la mililita 300, pima magadi hayo gramu 16, vitamini C ya unga gramu 5, na kahawa ya papo kwa papo gramu 12. Magadi kwanza, yayeyuke yote. Kisha vitamini, ambayo itafanya povu. Kahawa mwisho. Vitamini iwe halisi, si vidonge vya kutoa povu vyenye ladha ya machungwa, na kahawa isiwe ile iliyochanganywa na maziwa na sukari. Ajabu ni kwamba kahawa duni ndiyo inayofaa zaidi. Robusta ina asidi hizo kwa wingi kuliko arabika, kwa hivyo arabika yetu ya Nyeri na Kirinyaga inayosifiwa duniani kote, hapa inashindwa na kahawa ya robusta ya jirani zetu wa Uganda. Iache tu kikombeni.

Harufu, msomaji, ni mbaya. Fungua madirisha.

Dawa iwe digrii 20. Nairobi mwezi wa Julai pengine utayapasha maji moto kidogo. Mombasa utahitaji barafu. Barafu usiitumbukize ndani ya dawa, itaizimua. Itie kwenye beseni na uisimamishe chupa humo. Ukiosha kwa joto la juu muda hupungua, na ukishuka chini ya dakika tano filamu hutoka na madoa.

Mimina dawa ndani ya tangi, pindua tangi juu chini taratibu kwa nusu dakika, ligonge kidogo mezani ili viputo vitoke. Baada ya hapo lipindue mara tatu kila dakika, hadi zitimie dakika 15 kwa kahawa hii. Mwaga. Suuza kwa maji safi mara mbili tatu. Tia haipo. Muda wake usiukisie: kabla ya kuanza, chukua kipande kile ulichokata mwanzoni mwa filamu, kitumbukize kwenye haipo, na uhesabu dakika hadi kiwe wazi. Mara mbili ya muda huo ndio muda wako. Sasa unaweza kufungua tangi.

Nimewaona vijana waliozaliwa na simu mkononi wakinyamaza kabisa katika dakika hii, filamu ikitoka inadondoka maji, na katika kila kidirisha kuna mtu mdogo mwenye uso mweusi na nywele nyeupe wanayemtambua.

Kuosha kwa mwisho ndiko kunakowatisha watu wa mitaa ambayo maji huja mara mbili kwa wiki, kwani vitabu vya zamani husema uache mfereji ukitiririka nusu saa. Hakuna haja. Ilford wana njia yao: jaza tangi maji, pindua mara 5, mwaga; jaza tena, pindua mara 10, mwaga; jaza mara ya tatu, pindua mara 20. Basi. Haijafika hata lita moja na nusu. Tia tone moja la sabuni ya vyombo katika maji ya mwisho ili yasiache madoa, kisha tundika filamu bafuni, kibanio kimoja juu na kingine chini cha uzito, pasipo na vumbi wala watu wa kupitapita.

Mnaoishi na watoto, nisikilizeni. Chupa ya soda ni ya soda. Dawa yoyote iliyomo ndani ya chupa ya soda kuna siku itanywewa. Tumia chupa za rangi nyeusi, ziandike kwa herufi kubwa, zifungie. Kikombe na kijiko vya kazi hii visirudi tena jikoni, hata kama ulitumia kahawa. Nayo haipo iliyotumika ina fedha iliyoyeyuka, ambayo ni sumu kwa viumbe wa majini, usiimwage mtaroni. Tumbukiza steelwool ya kusugulia sufuria ndani ya ndoo yake uiache siku kadhaa. Chuma huchukua mahali pa fedha, na fedha hutuama chini kama tope jeusi. Mwalimu wa kemia atafurahi kulipokea tope hilo.

Picha utaitazamaje? Kama huna mashine ya kukuzia, weka negativu mbele ya karatasi nyeupe iliyomulikwa kwa nyuma, ipige kwa simu yako, na programu ya simu itageuza weusi kuwa weupe. Hapo simu na kamera ya babu zinasaidiana, na sioni sababu ya kuzigombanisha.

Lakini negativu usiitupe ukishaipiga. Simu ikipokonywa kituo cha matatu, miaka mitatu ya mtoto imekwenda nayo. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi aliyepigia majarida ya Time na Life, aliuawa 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra, Nigeria. Picha zake nyingi zilikaa katika gereji hapa Nairobi kwa miongo kadhaa, na mwaka wa 2018 zikatolewa kitabu. Hakuna aliyekuwa akizilipia wala kuzikumbuka nywila.

Mikanda yako miwili mitatu ya kwanza ikishatoka vizuri, ndipo uutoe ule uliokuta ndani ya kamera. Kwa huo usitumie kahawa. Tafuta dawa ya dukani, na ukate kipande kifupi cha mwanzo ukijaribie kwanza. Ukikuta ni filamu ya rangi ya miaka mingi, bado dawa za nyeusi-na-nyeupe zinaweza kutoa kitu, japo bila rangi na katika utando wa chungwa.

Ikishakauka, kata vipande vya pozi sita sita, uvitie katika bahasha za karatasi. Andika juu ya bahasha, kwa penseli, mwaka, mahali na majina. Mwulize mama majina hayo leo. Usiziweke juu ya friji wala kabati la jikoni, kwani joto na mvuke ni adui. Walioko Mombasa, Malindi na Lamu watie bahasha ndani ya debe la biskuti lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Vikusanyeni kuanzia sasa.